Wadau wa Mwanza, fainali kubwa ya mpira ikae siku gani ya wiki?

BandaMabatini

Wakuu za jioni. Naombeni tulijadili hili kwa uzito maana kwangu mimi ni suala la unga wa nyumbani. Nina banda la kuonyeshea mpira huku Mabatini, mwaka wa tisa huu, mabenchi 16, tv mbili na projekta, siku za kawaida kiingilio jero, fainali buku. Jana wateja wangu wamebishana mpaka nikafunga banda nikawaacha nje wanaendelea, ishu yenyewe ni kwamba fainali kubwa inatakiwa ipigwe siku gani. Mmoja anataka Jumatano kama zamani, mwingine Jumapili kama Kombe la Dunia, mwingine kakomaa na Ijumaa. Mi nasema Jumamosi na sababu ninazo.

Wa siku nyingi mnakumbuka klabu bingwa Ulaya fainali yake ilikuwa Jumatano. Ile ya 1999 Man U na Bayern kule Barcelona ni Jumatano, Istanbul 2005 Liverpool anatoka chini 3-0 anasawazisha 3-3 na Milan ni Jumatano, Moscow 2008 Man U na Chelsea Jumatano tena. Hiyo ya Moscow nilikuwa form three, imeanza saa 3:45 usiku kwa saa zetu, ikaenda dakika 120, ikaenda penati, Terry anateleza saa 6 imeshapita, nikatembea na miguu kutoka Igogo mpaka nyumbani na asubuhi saa 1 nipo mstarini macho mekundu. Nilichapwa fimbo nne kwa kusinzia na sikuona kosa langu ni lipi.

Afu 2010 wakaihamishia Jumamosi, ile Inter anampiga Bayern 2-0 pale Madrid yote ya Milito. Platini ndo alikuwa rais wa UEFA, akasema wanataka watoto na familia nao waangalie. Toka hapo ni Jumamosi, ukitoa ile ya kipindi cha korona 2020 Lisbon ilipigwa Jumapili, Coman akawafunga PSG waliomlea.

Mimi tofauti naiona kwa macho pale mlangoni. Mtu wa Jumamosi anakuja mapema, anataka benchi la mbele, anakunywa soda yake, anakula mishikaki kwa mama jirani yangu na mechi ikiisha bado amekaa anabishana. Mtu wa Jumapili anakuja dakika ya kumi, anakaa upande upande mguu mmoja uko nje, mechi ikielemea upande mmoja tu huyo kaondoka, kesho Jumatatu. Fainali ya AFCON, yaani kombe la mataifa ya Afrika, ya Abidjan, Februari 2024, Ivory Coast na Nigeria, ilikuwa Jumapili SAA TANO USIKU kwetu. Troost-Ekong anafunga la kwanza watu wamejaa mpaka mlangoni, mapumziko wakaondoka karibu theluthi, Haller anafunga la ushindi dakika ya 81 nimebaki na watu naweza kuwataja kwa majina. Ivory Coast walitaka kutolewa kwenye makundi, wakamfukuza kocha katikati ya mashindano, wanabeba kombe kwao, na watu wangu wako vitandani. Roho iliniuma kwakweli.

Sasa mwaka huu Ulaya ni Jumamosi 30 Mei Budapest, na safari hii wameisogeza mapema, itaanza saa 1 usiku kwetu badala ya saa 4. Kombe la Dunia ni Jumapili 19 Julai New Jersey, mchana kwao, saa 4 usiku kwetu. Na mwakani AFCON inakuja hapa kwetu, Tanzania na Kenya na Uganda, kwahiyo haya si maneno ya kijiweni tu. Wewe ungekuwa unapanga ungeweka siku gani? Na useme kazi unayofanya, maana nimegundua kila mtu anajibu kutokana na kazi yake.

Minofu77

Mkuu hiyo Jumamosi yako ni ya watu wa ofisini. Mi nipo kiwanda cha samaki, shift, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, siku ya off ikiangukia Jumanne ndo jumamosi yangu hiyo. Ila nakubaliana na wewe kitu kimoja, katikati ya wiki tena mchana HAPANA.

Nakupa mfano wa nyumbani. Simba na Yanga ya kumpata bingwa mwaka jana, ilikuwa ipigwe Jumamosi 8 Machi ikaahirishwa, ikaja kupigwa Jumatano 25 Juni. Jumatano! Mechi ambayo nchi nzima imesimama. Nipo kwenye meza ya kukata minofu, sangara mbele yangu, glavu zimelowa vidole havina hisia kwa barafu, simu zote tumeacha kwenye makabati. Jamaa mmoja alijificha na kasimu kadogo ka redio kwenye buti, msimamizi akakaona akakachukua hata dakika kumi hazijaisha. Basi tukawa tunasikiliza nje. Honi za bodaboda zikapiga mara moja ndefu, tukajua goli, la nani hatujui. Zikapiga tena. Nilitoka getini nikakutana na jezi za kijani na njano za Yanga barabara nzima ndo nikajua 2-0, penati ya Pacome na Mzize, ubingwa wa nne mfululizo. Mi ni Simba, ila hata kama tungeshinda ningeumia hivyohivyo, mechi kama ile unatakiwa uione kwa macho yako sio usikie honi.

Jumamosi au Jumapili angalau unaweza kubadilishana shift na mtu asiyependa mpira. Jumatano kila mtu anaihitaji hela yake.

Abuu_Makoroboi

Ijumaa, na nitaitetea. AFCON ya 2019 Cairo fainali ilikuwa Ijumaa 19 Julai, Algeria na Senegal, saa 4 usiku kwetu, Bounedjah kafunga dakika ya pili tu mpira ukaguse beki ukapaa ukaingia, na nakwambia usiku ule mjini watu walikaa. Mi nina duka la vitambaa, Ijumaa swala imeshaswaliwa mchana, biashara ya jioni imeisha, nakaa na amani. Jumamosi kwangu ndo siku ya wateja wa harusi, nikikesha Ijumaa ndo nalala kidogo asubuhi, hasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo asubuhi ni usafi na maduka yanafunguliwa kuanzia saa 4.

Na hiyo 30 Mei ndo hiyohiyo ya mwisho wa mwezi, kwahiyo mkuu panga vizuri mambo yako, asubuhi utakuwa unafagia mtaro sio unafunga projekta. Alafu Idi ya kuchinja inaangukia wiki ileile, watu wamechinja, watoto wamenunuliwa nguo, usitegemee wote waje na buku mkononi.

Nyakato_SDA

Abuu ndugu yangu kwa heshima zote, Ijumaa usiku ukiweka fainali umetutoa kabisa. Sisi Wasabato Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua linapozama, na kanda hii kuanzia hapa mpaka Mara huko tupo wengi, sio wachache wa kuacha pembeni. Hiyo ya Cairo 2019 sikuiona. Niliambiwa matokeo Jumamosi usiku na jirani yangu, ikanitosha.

Ila BandaMabatini sikiliza hii. Jumamosi saa 4 usiku kwetu ilikuwa haina shida hata kidogo, unafunga Sabato, unakula, unatembea taratibu unawahi. Sasa hii ya saa 1 nimeipigia hesabu. Mwanza mwisho wa Mei jua linazama kama saa 12 na dakika 45 hivi. Yaani tunabaki na robo saa. Kwaya ikiimba beti zote na mzee akiomba ombi refu la kufunga Sabato mpira umeshaanza. Mimi nitakuwa nimevaa viatu vya kanisani natoka Nyakato na bodaboda moja kwa moja, na tupo kama watano hivi. Silalamiki, nasema tu kwamba watu wakisema jumamosi wajue Jumamosi ina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza wengine hatupo. Mechi za ligi za Jumamosi saa 10 Kirumba mimi huwa naziona kwenye marudio, nimezoea toka utoto. Lakini ile Taifa Stars na Burkina Faso ya kufungua CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Jumamosi 2 Agosti mwaka jana, saa 2 usiku, tukashinda 2-0, nilikaa kuanzia wimbo wa taifa mpaka kipenga cha mwisho nikamshukuru Mungu.

Saa 2 usiku Jumamosi. Hiyo ndo kura yangu kwa mwakani.

kirumba_boy

Jumatano irudi. Wiki ilikuwa na kitu cha kusubiri katikati, Jumatatu unaongelea, Jumanne unaongelea, sahivi katikati ya wiki pakavu.

MamaJunior_Igoma

Mimi ni nesi na ni mama, nitaongea yote mawili.

Kwanza hao wa Ulaya walipohamisha kwenda Jumamosi kwa ajili ya watoto, walipata wao. Kwao saa 3 usiku mtoto anavumilia. Huku ni saa 4, mwanangu wa miaka tisa anasinzia timu zikiwa zinaingia uwanjani, nambeba kitandani na jezi yake, asubuhi analia kwamba sikumwamsha. Iwe Jumamosi iwe Alhamisi kwake ni sawasawa tu, analala. Fainali pekee aliyowahi kuiona yote ni ile ya Qatar, Argentina na Ufaransa, Jumapili 18 Desemba 2022, imeanza saa 12 jioni, 3-3 mpaka penati na kwenye saa 3 hivi imeisha. Alikuwa mdogo sana wakati ule lakini mpaka leo anajua Mbappe alifunga matatu na bado akakosa kombe. Anasimulia kama jambo la huzuni lililompata mjomba wake.

Pili zamu. Fainali ikiisha saa 7 usiku vijana wanatoka mabandani na baa kwa pamoja, pikipiki moja watu watatu, hakuna kofia, wengine wameshakunywa toka saa 10 jioni, na sisi tupo mapokezi tunawapokea. Siongei kwa kulaumu, ni watoto wetu hawa. Mwaka juzi nilimshona kijana mmoja kichwani usiku wa fainali, ananiuliza dada eti ilikuwa goli au ofsaidi, alianguka kabla hajajua. Mkiniuliza siku nitawajibu saa: mpira uishe saa 4 usiku daladala bado zipo barabarani. Saa 1 ya Budapest mimi naipigia makofi, na Junior nimeshamwahidi. Mkuu banda lako watoto wanaingia?

BandaMabatini

Dada MamaJunior watoto wanaingia bure wakiwa na mzazi, wanakaa mkeka wa mbele kabisa chini ya projekta, na fainali pombe siruhusu ndani. Mlete.

Msabato wangu hilo la robo saa sikuwa nimelijua na niko hapa miaka tisa. Ntakushikia benchi la ukutani upande wa mlango, mtapita bila kusumbua watu. Abuu asante kwa la usafi, kweli nilikuwa nimesahau.

giza_na_mwezi

Poleni na majukumu wote. Mi mtu wa dagaa, nipo kambini huku visiwa vya Ukerewe, mtandao wa kubahatisha mpaka upande juu ya jiwe. Nimesoma wote mnataja Jumatano, Ijumaa, Jumamosi. Huku kwetu hakuna Jumamosi wala Jumapili. Huku kuna giza na mwezi.

Nieleze kwa asiyejua. Dagaa anafuata taa. Zamani zilikuwa karabai sasa hivi ni taa za sola tunazielekeza majini, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga tunawazungushia nyavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni jeupe, taa yako haina kazi, dagaa wametawanyika hawana sababu ya kuja kwako. Kwahiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inavutwa nchi kavu, tunashona nyavu, tajiri anapiga hesabu, tunagawana, anayekwenda kwa mke wake anakwenda. Siku za giza tunatoka jua likizama tunarudi alfajiri, kila siku, iwe pasaka iwe nini. Wiki yetu ndo hiyo, inaenda mwezi mzima.

Kwahiyo mimi fainali naikumbuka kwa mwezi. Ya Brazil 2014, Ujerumani na Argentina, Jumapili 13 Julai saa 4 usiku, ambayo nyie mngesema siku mbaya saa mbaya. Kwetu ilikuwa mwezi mpevu, umejaa jana yake tu. Kambi nzima ilikuwa nchi kavu, tv moja ndogo ya tajiri imewekwa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, jenereta nyuma ya kibanda ili kelele zipungue, watu sijui mia, wengine wametoka kambi ya pili wamekuja na miguu yao ufukweni bila tochi kwa jinsi kulivyokuwa kweupe. Götze anatuliza kifuani anamaliza na mguu wa kushoto dakika ya 113, wazee waliokuwa wamelala wakaamka wakidhani kuna mtumbwi umezama. Hakuna aliyewaza Jumatatu. Ile ndo fainali bora niliyowahi kuona na sio kwa sababu ya mpira peke yake.

Hii ya Qatar anayoisifia dada hapo juu ilitukuta kwenye giza. Saa 12 jioni wao wanaanza sisi tunasukuma mtumbwi. Nilikuwa na redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe, Argentina 2-0 tunasikia vizuri, tukafika kwenye maji yetu tukawasha taa, mtangazaji akaanza kupiga kelele Mbappe Mbappe, mawili ndani ya dakika mbili, mimi nimeshika kamba na wenzangu wananiambia vuta wewe vuta. Redio ikaanza kukwaruza. Penati sikuzisikia kabisa. Nilijua asubuhi mwaloni kutoka kwa mama mmoja anayenunua dagaa, kabla hata hajauliza bei. PSG kumpiga Inter tano bila kule Munich, 31 Mei mwaka jana, Jumamosi yenu nzuri hiyo, pia ilikuwa giza, pia nilijulia mwaloni.

Sasa hii 30 Mei nimeangalia kalenda ya mwezi, mwezi unajaa tarehe 31. Maana yake tutakuwa nchi kavu. Hiyo 19 Julai ya Kombe la Dunia mwezi utakuwa bado mchanga, unazama mapema, tutakuwa kazini, nimeshakubali. Ila Mei nataka nije mjini, sitaki kuangalia kwenye simu ya mtu. Tunapanda meli ya Nansio asubuhi. Tupo tisa, mtumbwi wetu na mtumbwi wa jirani. Mkuu nafasi zipo?

BandaMabatini

Nimesoma yako mara mbili, na mke wangu nimemsomea kwa sauti. Kaka mimi Mwanza nimezaliwa, dagaa nakula kila wiki, na sijawahi kujua kwamba anayewavua hana Jumamosi.

Kumbe ndo maana. Kuna siku huwa nafungua Jumanne mechi ya kawaida tu napata watu wageni wamejaa, rangi ya jua usoni, wanakunja noti zilizolowa, nikawa najiuliza leo kuna nini mjini. Kumbe ni mwezi. Naenda kutafuta hiyo kalenda nibandike ukutani pembeni ya ratiba.

Tisa nimeandika, benchi la tatu na la nne katikati. Kiingilio buku ileile. Njooni kabla ya saa 12 maana baada ya hapo mlango unajaa, na Wasabato wanafika saa 1 kasoro na nimeshawapa upande wa ukutani, mtoto wa nesi yuko mkekani mbele msimpige teke.

Abuu_Makoroboi

Mi bado Ijumaa. Ila niwekee na mimi moja hapo pembeni ya hao tisa, nataka nimsikilize huyo mtu wa Ukerewe live.

giza_na_mwezi

Karibu sana Abuu. Mkuu mwambie huyo mama wa mishikaki siku hiyo aweke na karai la mafuta, tunakuja na debe la dagaa tuliowaanika wenyewe juu ya majabali, hawana mchanga hata chembe. Ngoja nishuke kwenye jiwe, jua linazama na leo ni giza.